Chama chenu kinataka tovuti: nani atailinda usiku?

Kwenye mikutano ya vyama vya ushirika na vikundi vya akiba huku Kibondo na Kasulu, siku hizi kuna jambo jipya linaloingia kwenye ajenda: tovuti. Bodi inasema wanunuzi wa maharage, kahawa au asali wanataka kutuona mtandaoni kabla hawajapiga simu. Mfadhili naye anauliza anwani ya tovuti kwenye fomu yake. Analetwa fundi kijana, anataja bei, wanachama wanapiga makofi, fedha inapitishwa. Swali ambalo ni nadra kusikika ukumbini ni hili: tovuti hiyo itakaa wapi, na nani ataiangalia fundi akishaondoka?

Tumeamua kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo kwa sababu fedha inayolipia ni makato ya mwanachama. Wewe unayesoma hapa kwa simu huenda usiiguse seva maisha yako yote. Lakini una haki ya kunyoosha mkono kwenye mkutano mkuu, na ni vizuri ukajua cha kuuliza.

Tovuti inahitaji ghala

Tovuti ni mafaili tu: maandishi, picha, fomu, pengine na orodha ya wanachama. Mafaili hayo lazima yakae kwenye kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti usiku na mchana, ili mtu wa Mwanza au Ujerumani akifungua saa tisa usiku ayakute. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Kukodi nafasi humo ndiko mafundi wanakokuita hostingi. Sisi tutasema kupangisha tovuti.

Wapo wanaouliza kwa nini isikae kwenye kompyuta ya ofisi. Jibu lipo kwenye historia yetu ya umeme. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu tuliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kila mtu anakumbuka shida yake. Gridi ya taifa ilipoingia mwaka 2022 kutokea upande wa Nyakanazi hali ilibadilika, lakini hata leo radi ya mwezi wa nne ikipiga, ofisi yenye kompyuta moja huzima. Seva haitaki hivyo. Inataka umeme wa njia mbili, jenereta la akiba, kiyoyozi na mtu wa zamu. Hayo yote hupatikana kwenye vituo vya data, kwa mfano kile cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Sasa, nafasi hukodishwa kwa namna tofauti, na hapa ndipo chama hupotea. Fikiria mazao yako. Unaweza kukodi kona kwenye ghala la watu wengi: ni rahisi, lakini jirani akileta gunia lenye wadudu, na wewe umepata wadudu. Unaweza kukodi ghala zima tupu, ufunguo mkononi, ukalinda mwenyewe, ukapulizia dawa mwenyewe, ukaziba paa mwenyewe. Au unaweza kupeleka mzigo kwenye ghala lenye mtunza ghala, kama ilivyo kwenye stakabadhi ghalani: yeye anapima, anapulizia dawa, anaweka mlinzi, anaandika kilichoingia na kilichotoka, na mzigo unabaki kuwa wako.

Namna hiyo ya tatu ndiyo tunayoizungumzia leo, yaani kupangisha tovuti mahali ambapo mwenye seva ndiye anayeitunza. Ni ghali kuliko kona ya ghala. Kwa taasisi yenye watu kadhaa wanaoitumia tovuti, tunadhani mara nyingi inafaa kulipia, ila kuna mambo ya kuangalia kwanza.

Halmashauri zetu zilishafanya hivyo

Mfano wa karibu kabisa uko kwenye simu yako. Fungua tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo, kisha ya Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu, kisha ya Halmashauri ya Mji wa Kasulu. Utaona zinafanana kama watoto wa mama mmoja: habari zinakaa mahali pamoja, na matangazo na zabuni vivyo hivyo.

Kufanana huko kulipangwa. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilipata tovuti zilizojengwa juu ya mfumo mmoja wa serikali, kwa kazi iliyowashirikisha TAMISEMI na Wakala ya Serikali Mtandao, eGA, ambayo tangu sheria ya mwaka 2019 ni Mamlaka ya Serikali Mtandao, pamoja na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Faida yake ni kwamba afisa habari wa Kibondo hahitaji kujua seva inavyoendeshwa. Kazi yake ni kuandika habari, kupandisha tangazo na kubadilisha simu ya mkuu wa idara aliyehama. Mashine na ulinzi wake vinaangaliwa na wengine, kwa pamoja.

Hasara nayo ipo. Afisa huyo akitaka tovuti yenye sura ya pekee au fomu ya aina yake, hana uhuru wa kuijenga kesho asubuhi. Ukikubali kutunziwa, umekubali pia masharti ya mtunzaji. Kwa halmashauri tunaona biashara hiyo imelipa: matangazo yanapatikana, na tovuti haitegemei kijana mmoja mwenye neno la siri kichwani. Kwa chama cha ushirika jibu linategemea mnataka tovuti ifanye nini.

Dawa ya kupulizia

Tovuti nyingi za taasisi ndogo hujengwa kwa WordPress, programu ya bure inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ni programu nzuri, lakini ina sehemu nyingi zinazoongezwa juu yake: moja ya fomu, moja ya picha, moja ya lugha. Mafundi huziita programu-jalizi. Kila moja inaweza kugundulika ina tundu, na tundu likitangazwa, wezi huanza kuzipita tovuti zote duniani kutafuta ambazo hazijazibwa.

Wengine hudhani wezi hawana haja na chama cha Heru Juu. Wezi hawa hawachagui. Wanatumia programu zinazogonga kila mlango, kama mtu anayepita usiku akijaribu vitasa vya maduka yote ya mtaa. Mlango ukifunguka, huweka humo matangazo ya kamari au dawa bandia, au kurasa za kuiba maneno ya siri ya benki. Mnunuzi akifungua tovuti yenu anakutana na onyo jekundu kwenye simu yake, na hapigi simu tena.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji wa huduma ni rahisi: sasisho zinapotoka, nani anaziweka, ndani ya siku ngapi? Akisema "mteja mwenyewe", basi huyo anakukodishia ghala tupu, hata kama tangazo lake limeandikwa kwamba huduma inasimamiwa. Mwingine atasema wao wanasasisha WordPress yenyewe lakini programu-jalizi ni juu yenu. Hiyo ni nusu ya dawa, na matundu mengi yako kwenye nusu nyingine.

Nakala iko jengo gani?

Usiku wa Machi 10, 2021 moto uliwaka kwenye kituo cha data cha OVHcloud, kampuni kubwa ya Ufaransa, katika mji wa Strasbourg. Jengo moja liliteketea lote na lingine likaungua sehemu. Hakuna aliyekufa, lakini mamilioni ya tovuti yalizimika, zikiwemo za kampuni kubwa na za taasisi za umma.

Kilichowauma zaidi wateja ni kilichogundulika baadaye. Wengi walidhani kampuni inawawekea nakala, kumbe huduma waliyolipia haikuwa na nakala. Wengine walilipia nakala kabisa, lakini nakala ilikuwa kwenye jengo lile lile lililoungua. Mmoja wao alikwenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ikaiamuru kampuni imlipe fidia. Tovuti yake haikurudi kwa hukumu hiyo.

Kwa hiyo muuzaji akisema "tunaweka nakala kila siku", endelea kuuliza. Inakaa jengo gani, mji gani? Mnazitunza siku ngapi? Je, tukiharibu ukurasa Jumatatu na kugundua Ijumaa, nakala ya Jumapili bado ipo? Na swali ambalo hata mafundi husahau: mmewahi kujaribu kuirudisha? Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni kama mbegu ya mwaka juzi. Huwezi kuisifu mpaka umeiotesha.

Halafu chama kiwe na nakala yake. Mara moja kwa mwezi katibu aipakue, aiweke kwenye flashi mbili, moja ofisini na nyingine mahali pengine. Kazi hiyo haizidi nusu saa kwa tovuti ndogo.

Hesabu ya asilimia

Wauzaji hupenda kutaja asilimia 99. Inapendeza masikioni, lakini fanya hesabu. Mwaka una saa 8,760. Huduma inayoahidi kuwa hewani asilimia 99 imejiruhusu kuzimika karibu saa 88, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 ni karibu saa 9 kwa mwaka. Asilimia 99.99 haifiki hata saa moja.

Kwa chama kinachoonyesha tu bei na namba za simu, saa 9 kwa mwaka si msiba. Kwa SACCOS ambayo wanachama wanaangalia akiba zao humo, saa 9 zikiangukia wiki ya kulipa ada za shule, mtasikia kelele. Soma pia kinachofuata baada ya ahadi. Mara nyingi fidia ni kupunguziwa ankara ya mwezi unaofuata tu, hata kama chama kimepoteza mnunuzi.

Muhimu zaidi kwetu ni msaada. Tovuti ikizimika Jumamosi jioni, unampigia nani? Je, kuna simu inayopokelewa kwa Kiswahili, au kuna fomu ya Kiingereza inayojibiwa kesho kutwa? Jaribuni kabla ya kulipa: pigeni Jumapili, mwone.

Jina ni hati ya kiwanja

Hapa ndipo tunapoona vyama vikiumia zaidi, na hapahitaji utaalamu wowote.

Anwani ya tovuti, ile inayoishia na .co.tz au .or.tz, inaitwa jina la kikoa. Majina ya .tz yanasimamiwa hapa nchini chini ya TCRA na husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Kampuni hutumia .co.tz, taasisi zisizo za kibiashara .or.tz, shule .sc.tz, vyuo .ac.tz. Jina lina mmiliki aliyeandikwa, na lina tarehe ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja, lisipolipiwa linaachiwa.

Mara nyingi fundi hulisajili jina kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake. Hana nia mbaya, ni haraka tu. Miaka miwili baadaye amepata kazi Dodoma, namba imebadilika, ilani ya kulipia inakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua, na asubuhi moja tovuti haipo. Au amegombana na mwenyekiti, na sasa anataka alipwe ndipo aachie. Kwa mujibu wa usajili, mwenye jina ni yeye.

Ni sawa na kujenga ofisi ya chama kwenye kiwanja ambacho hati yake ina jina la fundi mwashi. Ukumbini usingekubali. Basi ulizeni: jina la kikoa limesajiliwa kwa nani? Liandikwe chama, lenye barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Tarehe ya kulipia iingie kwenye kalenda ya bodi pamoja na tarehe ya ukaguzi wa hesabu. Na ikiwezekana jina lisajiliwe kwa wakala mmoja na tovuti ipangishwe kwa mwingine, ili mkigombana na mmoja, yule wa pili asiathirike.

Watu watano, neno la siri moja

Taasisi yenye wafanyakazi kadhaa ina tatizo ambalo mwenye duka peke yake hana. Katibu anaandika habari, mhasibu anaweka taarifa ya fedha, bwana shamba anaweka bei, mfanyakazi wa kujitolea anaweka picha. Wote wanatumia akaunti moja, na neno la siri limebandikwa ukutani. Siku ukurasa wa gawio unapofutwa, hakuna anayejua nani kafuta.

Huduma nzuri kwa taasisi humpa kila mtu akaunti yake na mipaka yake: huyu aandike, yule apitishe, mwingine aone tu. Inaandika nani alifanya nini na saa ngapi. Mtu akihama, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo. Nyingine hutoa nakala ya majaribio, yaani tovuti pacha isiyoonekana na watu, ambapo mabadiliko yanajaribiwa kwanza. Hilo ndilo tungelitafuta kabla ya kuangalia ukubwa wa nafasi ya kuhifadhi, maana tovuti ya chama haiwezi kujaza nafasi hiyo hata kwa miaka kumi.

Dar es Salaam au Ulaya?

Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Tovuti iliyopangishwa Ulaya hutegemea nyaya za baharini kumfikia mtu wa Makere. Iliyoko Dar es Salaam inaweza kumfikia bila kugusa bahari. Hiyo ni hoja nzuri kwa wateja wengi wa ndani. Kama wanunuzi wenu wako nje, hoja inageuka. Kuna njia ya kati: huduma zinazoweka nakala za kurasa zenu kwenye miji mingi ili msomaji ahudumiwe kutoka karibu. Cloudflare, kwa mfano, ina mitambo Nairobi na Dar es Salaam.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Tovuti yenye bei na picha za shamba haina wasiwasi mkubwa. Yenye majina ya wanachama, namba za simu na akiba zao ni habari nyingine. Kwa ukali kidogo tunasema: kama hakuna sababu ya lazima, orodha ya wanachama isiwekwe kwenye tovuti kabisa.

Siku ya kuondoka

Septemba 2024 wateja wa WP Engine, kampuni kubwa ya Marekani inayotunza tovuti za WordPress, walipata fundisho wasilolitegemea. Kampuni hiyo iligombana na Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, na Septemba 25 ikafungiwa mlango wa WordPress.org, mahali ambapo sasisho na programu-jalizi hupakuliwa. Wateja waliokuwa wamelipa vizuri wakajikuta hawawezi kusasisha kwa njia ya kawaida kwa sababu ya ugomvi usiowahusu. Mlango ulifunguliwa kwa siku chache, ukafungwa tena, na kampuni ikajenga njia yake yenyewe. Desemba mahakama ya California ikaamuru warudishiwe.

Hata mtunza ghala mkubwa anaweza kuwa na ugomvi wake. Kwa hiyo kabla ya kuingia, ulizeni kutoka. Tukitaka kuhama, mtatupa mafaili yote pamoja na hifadhidata? Kwa siku ngapi, kwa malipo gani? Tovuti ikijengwa kwa chombo cha muuzaji mwenyewe kisichofanya kazi mahali pengine, hamtahama nayo. Mtaondoka na maandishi tu.

Bei, na maoni yetu

Kona ya ghala kwa wauzaji wa nchini huanzia makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Huduma za kutunziwa za nje hutozwa kwa dola kila mwezi, kwa kadi, na shilingi ikiyumba bajeti ya chama inayumba nayo. Zile za juu kabisa, kama WordPress VIP, ni maelfu mengi ya dola kwa mwaka. Hizo ni za magazeti makubwa na serikali, na fundi akimpelekea mwenyekiti wa AMCOS bei ya namna hiyo, mwenyekiti amshukuru na kufunga faili.

Kwa vyama vingi vya Kibondo na Kasulu tungechagua muuzaji wa nchini anayepokea malipo kwa simu au benki na kutoa risiti ya EFD, aliyekubali kwa maandishi kusasisha kila kitu na kuweka nakala nje ya jengo lake, na jina la kikoa likiwa la chama. Kurasa ziwe nyepesi. Picha ya shamba yenye MB 5 inamla msomaji bando, na ikipunguzwa hadi KB 200 kwenye simu haionekani tofauti. Na kama hakuna mtu hata mmoja wa kuandika kitu kipya kila mwezi, bodi isubiri. Tovuti yenye bei za maharage za miaka mitatu iliyopita inamfukuza mnunuzi haraka kuliko kutokuwa na tovuti.

Mkataba ukiletwa mezani, msomeeni mkutano vipengele vinne kwa sauti: mwenye jina la kikoa ni nani, nani anasasisha, nakala iko wapi, na tukiondoka tunapewa nini. Muuzaji awepo ukumbini wakati vinasomwa, na majibu yake yaingie kwenye muhtasari wa kikao.